Sifa za Muwa wa Kabras

Kabras inajulikana Kenya nzima kwa timu yake ya raga, ile iliyotwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Vijana hao wamesifiwa vya kutosha. Anayewalisha hajasifiwa. Naomba basi ruhusa ya wazee wa Malava, Chegulo na Shamberere niuvulie kofia muwa.

Sifa yake kuu ni subira, hasa ile unayowagawia wengine. Muwa uliopandwa leo hukatwa baada ya miezi 18 au zaidi, kiwanda kikikumbuka. Muda wote huo mwenye shamba ana jibu linalotosha kila swali: miwa ikikatwa. Karo ya mtoto? Miwa ikikatwa. Mahari inayodaiwa tangu mkwe akiwa na meno yote? Miwa ikikatwa. Mchango wa harambee, paa linalovuja, kuacha pombe, kuokoka: vyote vimepangiwa siku moja, na siku yenyewe iko mikononi mwa mtu mwingine. Nionyeshe zao jingine lenye uwezo huo. Sukuma wiki? Muuza sukuma wiki hupata chake siku ya soko, na jioni hiyohiyo shemeji zake wote wana habari. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa alfajiri, na povu halijatulia mpwa amefika kukopa mia mbili. Pesa ya muwa haikopeki. Imesimama shambani, ndefu, kijani kibichi, kila mtu anaiona na hakuna awezaye kuitia mfukoni. Nimemwona mjomba akimnyooshea mdai mkono kuelekea shambani, bila neno, kama anayemwonyesha jengo la benki. Mdai akaaga ameridhika.

Wasomi wawili wa Harvard, Robert Kegan na Lisa Lahey, walichapisha kitabu kizima mwaka 2009 kueleza kwamba mtu anayeshindwa kubadilika mara nyingi ana ahadi nyingine ya siri, na hiyo anaitimiza barabara. Wangekuja kwa mjomba wangeumaliza utafiti wao kabla chai haijapoa.

Sifa nyingine nazipitia mbiombio. Muwa huwaficha wezi wa kuku bila kubagua ukoo. Majani yake hukuchanja shingo ili usisahau ulikotoka. Trela zake huwalisha watoto wa shule njia nzima ya Kakamega kwenda Webuye. Huzaa sukari nguru, nayo sukari nguru huzaa chang'aa, kwa hiyo ukoo wake hauhami mbali. Huishika ardhi pia: shamba lenye miwa hakuna ndugu anayeuliza kama liko wazi, hata mwenyewe akipotelea Nairobi. Tena mkataba wa kiwanda kwa kawaida una jina la baba, ilhali mahindi na maharagwe ni mambo ya mama. Ukimwambia mwanamume ang'oe miwa apande mboga, umemgusa mahali ambapo kijitabu cha bwana shamba hakifiki.

Halafu muwa huchipuka wenyewe. Ukishakatwa, visiki vinatoa machipukizi, unavuna mara ya pili, hata ya tatu. Mahindi hukuuliza kila msimu kama bado unayataka, muwa hauulizi. Kuendelea ni kukaa kitako tu. Kuacha ni kukodi trekta, kung'oa visiki, na kumwambia marehemu baba, aliyepanda kwa mkono wake, kwamba hesabu zake hazikutimia.

Nilikusudia kuendelea kwa heshima hizi hadi mwisho, lakini karatasi ya malipo iko hapa mezani. Kulima, kato. Mbegu, kato. Mbolea, kato. Kukata, kupakia, kusafirisha, na riba juu yake. Chini kabisa, alama ya kutoa. Miwa yenyewe ilikatwa ikalala kando ya barabara ikingoja trekta, ikakauka, ikapungua, ndipo ikapelekwa mizani. Kiwanda kichelewe, mkulima alipe! Kisha mtu aje semina, anywe soda yetu, aseme watu wa Kabras ni wagumu kubadilika.

Haya, nani mgumu? Kwa zaidi ya miaka ishirini COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliiruhusu Kenya kuwekea mipaka sukari nafuu ya nchi wanachama, ili ipate nafasi ya kujirekebisha: iwaachie wawekezaji viwanda vya serikali, na mkulima alipwe kwa utamu wa muwa wake, si kwa uzito. Muda ukaisha, ukaombwa mwingine. Ukaisha huo nao, ukaombwa mwingine, hadi Novemba 2025. Mumias, kampuni ya sukari iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa imeshakabidhiwa msimamizi wa benki iliyoidai, mwaka 2019. Mwaka 2023 usagaji ulisimamishwa kwa sababu viwanda vilikuwa vikigombea miwa michanga. Julai 2025 ukasimamishwa tena huku Magharibi, kwa sababu ileile. Viwanda vinne vya serikali vilikodishwa Mei 2025, mtihani ukiwa umebakiza miezi sita. Na muda wa kinga ulipokwisha, mkulima alikuwa bado analipwa kwa tani. Serikali haikuitwa semina.

Bwana shamba amekuja tena kwa mjomba, safari hii na miche ya parachichi.

"Mzee, mbona hutaki kubadilika? Miwa haina faida."

"Haina, mwanangu. Na hayo maparachichi atanunua nani?"

"Mnunuzi atapatikana."

"Hata wa miwa alipatikana," mjomba akasema, akamwongezea chai.