Sifa za Ubao Uliovimba

Wengine na walisifu tanga jeupe. Mimi nausifu ubao uliovimba. Nausema ule ubao wa kati wa mashua kuukuu za Wayfarer, aina iliyobuniwa na Ian Proctor huko Uingereza mwaka 1957. Hushushwa majini kupitia upenyo ulio chini ya chombo. Ukiwa mzima una kazi moja tu: kuzuia mashua isisukumwe demani inapopiga bisha. Ukiharibika, kazi zake hazihesabiki.

Mlingoti hupenda makuu. Mwaka 1964 Frank Dye alikuwa akielekea Norwei kwa Wayfarer yake, dhoruba ikamvunjia mlingoti, na hadi leo watu wanausimulia. Ubao hauna majivuno hayo. Hupata ufa mdogo ukingoni, hunywa maji taratibu, tabaka za plaiwudi zikaachana, ukanenepa. Kisha kokoto ya ufukweni hujipenyeza kando yake, basi haushuki wala haupandi. Na tazama huruma yake: hungoja Jumamosi yenye upepo mwanana, ili mwenyewe asijihatarishe baharini.

Ni mwalimu pia. Asiyepata kuijua mashua yake kwa chini, atalala chali mchangani akichungulia. Mwenye pupa atafunzwa subira, maana ubao lazima uoshwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini majuma kadhaa. Epoksi haishiki vyema kwenye unyevu. Asiyefunzika atakoroga kopo zima kwa mkupuo, limchemkie na kufuka moshi kabla hajapaka. Na fundi hodari, atakayeuvika ubao tabaka tatu za faibaglasi kila upande usije ukaoza tena, ataupata imara kama chuma, ila hauingii tena kwenye upenyo wake. Hapo ndipo darasa la msasa linapofunguliwa.

Wala hauna choyo. Hakuna kiungo cha chombo kinachokusanya majirani kama huu: kila mmoja na ushauri wake, na hakuna aliyekuja na msasa.

Wahenga walihimiza ufa uzibwe mapema; yaelekea hawakuonja raha ya kujenga ukuta. Basi tusiwacheke wenye mbao mbovu. Tuwahurumie wenye mbao nzima, wanaokwenda na kurudi bila kujifunza lolote. Lakini nao wasikate tamaa: bahari hupwa kila siku, na miamba haijahama.