Njia Saba za Banalia

Ikifika saa moja jioni, mjini kwetu Banalia hapafiwi mtu, hazaliwi mtoto, hadaiwi mtu deni. Mambo yanatokea kama kwingine, ila habari zake haziingii.

Fundi mmoja aliyekuja kuutazama mnara wa simu alinieleza sababu. Katika mtandao wa 2G, kila wimbi hukatwa vipande 8 vya muda. Kimoja huendesha kazi za mnara wenyewe, vinabaki 7 vya kuongelea, yaani njia saba. Na mnara wetu, alisema, una wimbi moja. Saba! Kwa mji mzima, vijiji vya jirani, mashabiki wa mpira, na Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa akipigiwa na mwanawe wa Kisangani, anaanza na salamu. Anamuulizia mkwe, wajukuu, goti la baba mkwe, kisha simu inapewa jirani naye asalimie. Mafundi wana kipimo cha mambo haya: njia moja ikishikwa saa nzima bila kuachiwa, hiyo ni Erlang moja, kwa jina la Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mama Mkubwa ni Erlang moja na nusu, maana ana simu ya pili kwenye kitenge.

Mwaka 1917 Erlang alichapisha kanuni ya kukadiria ni wangapi watakuta njia zimejaa. Kwa njia 7, wastani wa mazungumzo usipozidi 3 kwa wakati mmoja, watakaokosa ni kama 2 tu katika kila 100. Hesabu safi, ila kanuni inachukulia kwamba aliyekosa njia anakwenda zake. Aende wapi? Hapa aliyekosa hupiga tena papo hapo, hupanda kichuguu akapiga tena, halafu huazima simu ya shemeji yake.

Bado kubipu. Tunaona ni bure, kumbe simu ikianza tu kulia kwa kawaida njia imeshatengwa. Asiyetaka kusema neno amemzuia mwenye mgonjwa.

Mwangalizi wetu wa simu zinazoingia ni kijana anayechajisha kwa jenereta karibu na kivuko cha mto Aruwimi. Simu za wateja zimelala mezani, naye anasoma taarifa: "Papa Mwalimu, yako imelia mara mbili. Mwanamke, kutoka Isiro."

"Umejuaje ni mwanamke?"

"Nilipokea, Papa. Anakusalimu sana."

Mke wangu alikuwa amesimama pale pale. Ni dada yangu, lakini jaribu kulithibitisha hilo bila rezo, yaani bila mtandao.

Wiki hiyo hiyo lori la Kisangani lilishusha katoni za sabuni mlangoni kwangu. Dereva alikunywa maji, akapiga soga, akaondoka. Ndipo simu ikaingia.

"Shemeji, kaa macho, nataka kukutumia sabuni kwa lori!"

Nikafungua mdomo kumwambia imefika. Rezo ikakata. Dakika haikupita, akaanza kunibipu.