Mwongozo kwa Mwenye Duka Asiyetaka Kusumbuliwa na Wateja

Karakana ya baba mdogo iko Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo ukisimama dakika tano unaondoka na vumbi la mninga kwenye nyusi. Alitaka tovuti kwa sababu jirani yake anayo. Nikamjengea mimi, mtoto wa kaka yake niliyesoma, na kwa miezi saba haikumletea mteja hata wa kuuliza bei. Kazi safi kiasi hicho haiji kwa bahati. Nawaachia utaratibu wake hapa, kwa yeyote anayetaka tovuti maridadi, iliyolipiwa kila kitu, ila simu isilie.

Anza na maneno. Mtu wa Tandika anayehamia chumba kipya anaandika kwenye simu "kitanda 5 kwa 6 bei gani". Wewe usiandike hivyo popote. Andika "Suluhisho bunifu za samani kwa maisha ya kisasa", na chini yake "Karibu katika ulimwengu wa ubora". Vipimo usitaje, bei usitaje, Keko usiitaje kabisa. Ukisema uko wapi watakuja. Kila ukurasa upe kichwa kilekile, "Nyumbani", hata ule wa makabati. Google inasoma ulichoandika, haisomi moyo wa seremala, kwa hiyo itajua una nyumba na haitajua unauza nini.

Dhamiri ikikusuta na ikawa lazima utaje bidhaa, basi itaje mpaka ichoke. Mimi niliandika: "Kazi bora ya mbao bora kutoka kwa fundi bora Dar es Salaam, bora kuliko zote, ya kudumu milele." Mwishoni mwa miaka ya 1990 ujanja huo ulikuwa unafua dafu, watu walirundika maneno kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Halafu ndani ya msimbo wa ukurasa kuna mahali pa kuorodhesha maneno muhimu, msomaji hapaoni. Nilijaza maneno 64. Google ilishatangaza mwaka 2009 kwamba orodha hiyo haiitumii kupanga matokeo. Jioni mbili nzima nilikuwa naongea na chumba kitupu.

Picha ziwe za simu mpya, MB 6 kila moja, pandisha zilivyo, ishirini kwenye ukurasa mmoja. Mwenye bando la siku ataliona kochi likishuka mstari kwa mstari, na kabla miguu ya kochi haijafika bando limekata.

Sasa jambo lenyewe: usijulikane na mtu. Ukihamia mtaa mpya ukataka kufungua akaunti benki, unaweza kuambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti hakujui, anakuuliza mjumbe wako nani. Mjumbe naye hakujui, anamtafuta mwenye nyumba. Hujakosea chochote, huna wa kukusemea tu. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi Stanford, waliijenga Google iliyoanzishwa mwaka 1998 juu ya kitu kama hicho: kiungo kinachotoka tovuti moja kwenda nyingine wakakihesabu kuwa neno la mdhamini, na neno la mdhamini ambaye naye anadhaminiwa na wengi likawa zito zaidi. Siku hizi yanaangaliwa mengine mengi, lakini mgeni asiye na mjumbe bado ni mgeni. Tovuti ya siku 40 inapanga foleni nyuma ya duka kubwa la mtandaoni ambalo magazeti yamelitaja miaka 10, na wote wawili wanauza kitanda.

Kubaki mgeni hakuhitaji nguvu. Baba mdogo ametengeneza viti vya ukumbi wa harusi wenye tovuti yake. Sikuwaomba waandike vilikotoka. Jinsi ya kumtambua anayekuuzia mbao mbichi, mbao gani mchwa wanaipenda, kitanda cha 6 kwa 6 kitapitaje kwenye korido nyembamba: haya anayaeleza bure kila siku, randa mkononi, na sikuandika hata moja. Ningeyaandika watu wangetumiana, mtu mmoja angeyataja mahali, na hapo umeshaharibu.

Badala yake nunua viungo. Atatokea jamaa kwenye barua pepe akikuahidi viungo 500 kwa bei ya kuku wawili. Vinatoka kwenye tovuti za kamari na dawa za kupunguza tumbo. Ni barua 500 za utambulisho zenye mwandiko mmoja. Mwaka 2012 Google ilileta badiliko lililoitwa Penguin, mahsusi kwa wadhamini wa namna hiyo. Na Google hawaogopi jina: Februari 2006 waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo, kwa kuwa mtambo wa kutafuta ulionyeshwa kurasa fulani na binadamu wakapelekwa kwingine. BMW wakarekebisha, wakarudi baada ya siku chache. Wewe ukiondolewa, nani atagundua?

Baba mdogo hakugundua. Asubuhi moja alinipigia kwa furaha.

"Mwanangu, mbona mimi tovuti naiona?"

"Shikamoo baba mdogo. Umeandikaje?"

Alikuwa ameandika anwani yote, na nukta zake.

Hatua ya mwisho niliigundua mwezi wa saba, na inazishinda zote zilizotangulia, tena haina gharama. Kwenye mipangilio ya tovuti kuna kisanduku kidogo. Ukikiwekea tiki, unaiomba mitambo ya kutafuta isiiingize tovuti yako kwenye orodha zao. Tiki ilikuwepo. Niliiweka mwenyewe wakati wa kujenga, watu wasione kazi nusunusu. Miezi saba nimelaumu Google, nimelaumu duka kubwa, nimelaumu yule jamaa wa viungo (nilimlipa), kumbe nimebandika "Hatupo" mlangoni kisha nikakaa ndani kusubiri hodi.

Nikaiondoa. Nikatuma ramani ya tovuti Google, nikafuta "ulimwengu wa ubora", nikaandika vipimo na Keko. Sentensi ya fundi bora niliisahau. Kuhusu muda, mfanyakazi wa Google aliwahi kusema kwenye video yao ya mwaka 2017 kwamba matunda ya marekebisho mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka. Nikamfikishia baba mdogo.

"Mwaka? Kabati la milango mitatu mimi namaliza siku sita."

Wiki ya tisa, Jumanne, simu ililia. Mtu ametukuta Google! Nikaweka spika ili karakana nzima isikie. Akasema amesoma kwamba kazi yetu ni ya mbao bora, ya kudumu milele, akauliza kama tunatengeneza majeneza.

Nikamtazama baba mdogo. Aliweka randa chini, akachomoa penseli sikioni.

"Mpe pole kwanza," alisema. "Halafu muulize urefu."