Shangazi wa Maji Chumvi

Barua za wiki hii zimejaa ugomvi wa mipaka. Nilidhani zimepotea njia zikielekea baraza la ardhi. Kumbe washtakiwa wote ni samaki wasiozidi urefu wa kidole.

*Shikamoo Shangazi. Nina tangi la lita 120 la maji ya bahari sebuleni. Nilianza na kisamaki mmoja mweusi mwenye madoa matatu meupe, akakaa kwa adabu mwezi mzima. Juzi nimemletea wenzake wanne. Wawili wamekufa, mmoja amechanika mapezi na kujificha nyuma ya pampu, wa nne simwoni. Nikiingiza mkono kusafisha kioo, ananing'ata mimi ninayemlisha! Nimemkosea nini?* (Mlishaji Asiyeheshimiwa, Kisauni)

Marahaba, mwanangu. Umemkosea kwa kumtanguliza. Huyo ni Dascyllus trimaculatus, mwenyeji wa matumbawe yetu. Akiwa mdogo hujibanza kwenye anemoni hadi ukamwonea huruma. Akikua hupita sentimita 10, doa la kipajini likafifia, na wa kuonewa huruma wakawa majirani. Aliyekuuzia bila shaka alikwambia huyu ni mgumu, hafi hata maji ya tangi jipya yakiwa na amonia. Kweli hafi. Ila mwezi ule aliokaa peke yake alikuwa akipima kiwanja: jiwe hili langu, pango lile langu, na pampu pia. Baharini anayefukuzwa huogelea hadi jiwe la pili akapumua. Kwako hukimbia mpaka kwenye kioo, kisha akarudi palepale kwenye kipigo.

Mtoe mbabe, mweke kwenye chombo cha pembeni wiki moja au mbili. Pangua mawe yote, yapange upya, ongeza mapango. Wageni waingie jioni, taa zikiwa zimezimwa. Yeye arudi wa mwisho, akute mtaa haujui na hati yake haisomeki. Pengine hata hilo lisifue dafu, ikabidi umtafutie kwao kwingine. Tangi lijalo liache wiki nne hadi sita bila samaki, bakteria wazoee kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Usimtume kisamaki kazi ya bakteria.

*Shangazi, nilikuwa na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, Sultani na Malkia. Malkia aliruka nje usiku, tukamkuta mkavu nyuma ya kochi. Sasa Sultani amenenepa, na mke mpya niliyemletea, mkubwa na mzuri, hapewi hata dakika ya kupumua. Ni majonzi?* (Mshenga, Tanga)

Majonzi wapi! Sultani ndiye Malkia. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa wa nyumba huwa jike, naye akifa, mumewe hupanda cheo na kugeuka jike. Harudi udume tena. Umempelekea mama mwenye nyumba mke mwenza wa kimo chake, halafu unashangaa vita. (Filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 ilitufichia hili: yule baba mjane, kwa desturi za ukoo wake, alistahili kuwa mama.) Mrudishe huyo, lete kinda mdogo. Ukimwona anatetemeka mwili mzima mbele ya Malkia, usihangaike na dawa, anaamkia. Na tangi lifunike kwa wavu.

*Maji yakipungua naongeza ya bahari, lakini samaki wanazidi kuhema.* (Mjazaji, Bagamoyo)

Maji huruka, chumvi hubaki. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Wewe unatengeneza achari. Jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini, na ununue kipimo.

*Nimechoka na fujo zao. Niwamwage pale Feri?* (Mwenye Usingizi Haba, Kigamboni)

Hapana! Samaki simba, yule mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, na inaaminika ni wafugaji waliomwachia. Leo ametapakaa Karibi, akimeza vifaranga vya wenyeji. Wako, hata kama ni wazaliwa wa hapa, huenda wamelala na wageni wa mbali na kubeba maradhi yao. Warudishe dukani au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa. Wakikataliwa kote, niandikie tena, tafadhali, kabla hujashuka Feri na ndoo.