Mamba wa Tantine

Kwenda kwenye maonyesho ya picha hapa Bunia na mtu aliyewahi kuingia makumbusho ya Ulaya ni kujitafutia adhabu. Shemeji yangu anaishi Liège, na likizo moja alijikaza akaenda kuota jua Barcelona. Zilikuwa siku chache tu, tena nyingine alizimaliza chooni kwa sababu ya samaki wa baharini, lakini alitoka huko akiwa profesa wa sanaa. Tangu ashuke kwenye ndege kuja kututembelea, hatujamega sombe kwa amani.

"Kule," anasema, "mtu anatembea mikono nyuma. Hasemi. Anasimama mbele ya picha, anainamisha kichwa, anarudi nyuma kidogo aione yote, halafu anapumua."

Basi kijana mmoja mchoraji alipopewa ukumbi wa parokia atundike kazi zake, shemeji akatukusanya twende tukajifunze kupumua. Tantine, dada yake marehemu baba, alikubali kufuatana nasi alipohakikishiwa kwamba soda zitakuwepo.

Kadi ilisema saa nane mchana. Saa nane tulimkuta mchoraji yuko juu ya ngazi, misumari mdomoni, anagombana na ukuta wa saruji uliokuwa unaipinda misumari yote. Picha zilizokosa msumari aliziegemeza kwenye mabenchi ya kanisa. Saa tisa na nusu wakubwa walifika, na mvua nayo ikafika. Mvua ya Bunia haina haya: mbingu ilijifunga, madirisha madogo ya ukumbi yakawa meusi, jenereta ikawashwa. Mheshimiwa mmoja alishika kikaratasi chake, akafikia pale penye sanaa kuwa nguzo ya maendeleo, na jenereta ikazima. Mafuta yameisha. Watu walipiga makofi kwa nguvu, na mheshimiwa aliyachukua kama yake.

Tukatoa simu, tukaangalia picha kwa tochi. Sijui kama Barcelona wamewahi kuijaribu njia hii. Unaona goti. Unasogeza mwanga, unaona sufuria. Jirani yako naye ana mwanga wake, ameshapata mwanamke mwenye sufuria, anakuita uone shingo. Picha moja ilitazamwa na ukoo mzima kwa vipande, na waliafikiana baadaye kwamba ni harusi. Waliosimama upande wa kushoto walikataa, wakasema ni kilio.

Tantine hakuweka mikono nyuma hata dakika moja. Alifika mbele ya wavuvi wa Ziwa Albert akawagombeza. "Nyinyi wote mmekaa upande mmoja! Mtumbwi huo hautafika Tchomia." Akamgeukia mchoraji. "Papa, uwagawe hawa watu, watazama."

Shemeji alijifunika uso. Ili kuokoa heshima ya familia alianza kutueleza habari za Picasso: kwamba mwaka 1957 alichukua mchoro wa zamani wa Velázquez, binti wa mfalme na watumishi wake, akauchorachora upya mpaka zikatimia picha 58, na zote ziko pale Barcelona, ameziona kwa macho yake.

"58?" Tantine aliuliza. "Mtu yuleyule?"

"Mtu yuleyule."

"Na hapakuwa na mtu wa kumwambia ya kwanza imetosha?"

Mimi niko upande wa Tantine, na si kwa sababu ya udugu. Picha za nchi hii zilizaliwa katika kelele. Tshibumba Kanda-Matulu, huko Lubumbashi katika miaka ya 1970, alichora historia yote ya Zaire katika picha 101, nyingi juu ya magunia ya unga, na kila moja aliisimulia kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyarekodi maneno hayo na baadaye kuyatolea kitabu. Picha bila maelezo ilikuwa nusu ya kazi. Chéri Samba, aliyeanza kwa kuchora mabango ya biashara Kinshasa, aligundua kwamba watu wanapita mbele ya picha bila kusimama, akaanza kuandika maneno ndani yake: anayesoma lazima asimame. Huyo ndiye ambaye picha zake zilifika kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1989 na ya Venice mwaka 2007. Na kabla yao wote, msituni kwetu huku Ituri, wanaume wa Kimbuti walikuwa wanaponda magome ya miti mpaka yanalainika, na wanawake wanayachora mistari kwa maji ya matunda na makaa, vazi la ngoma. Leo magome hayo yako ndani ya vioo huko Ulaya, na watu wanayapitia kimya, mikono nyuma.

Nilitaka kumwambia shemeji haya yote, lakini yeye alikuwa anamfundisha Tantine kuitazama picha ya harusi, au kilio.

"Rudi nyuma, Tantine. Rudi tena. Uione yote."

Tantine akarudi. Nyuma yake, kwenye benchi, iliegemezwa ile picha ambayo kila mchoraji wa Kongo ana ya kwake, wanayoiita Inakale: mtu amekwama juu ya mti, juu yake nyoka, chini yake simba, na majini mamba amefungua kinywa. Mchoraji alikuwa ameimaliza usiku uleule. Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka, na wakati wa mvua ndiyo kabisa.

"Mama! Ingali mubichi!"

Mama alikuwa ameshaketi. Aliposimama, kwenye turubai palibaki simba, nyoka na mtu ambaye hali yake sasa ilikuwa nzuri zaidi, maana mamba alikuwa amehamia kwenye kitenge cha Tantine, nyuma, meno yote yakiwa kamili. Tochi zote za ukumbi zilielekea pale. Harusi ikasahaulika.

Mchoraji alitaka dola 40. Tantine alitaka kitenge. Shemeji, kwa kuwa yeye ndiye aliyemrudisha nyuma, alitoa noti mbili za 20. Mchoraji akaziinua kwenye tochi, akaona moja ina mpasuko mdogo pembeni, akairudisha. Shemeji akaapa kwamba Marekani kwenyewe wanaipokea.

"Basi uende ukanunue picha kule," mchoraji akajibu, kwa adabu.

Mwishowe walipatana 20, na mamba achorwe upya palepale, Tantine akisimamia. Mkia ulirefushwa. Simba aliambiwa anacheka, akafungwa mdomo. Mvua ilipokatika tulisimamisha pikipiki. Tantine alipanda, picha akaishika mbali na kifua, rangi ikitazama nje.

Motard aligeuka, akaitazama. "Mama, na huyu?"

"Huyu nani?"

"Mamba. Amechukua nafasi ya mtu."

Tulibishana sana. Alilipiwa nusu nauli, ya mtoto.