Namna ya Kuchagua Tahasusi ya Kompyuta Bila Kujisumbua Kufikiri

Matokeo ya kidato cha nne yametoka, umefaulu, ukoo mzima unatembea kifua mbele, na kila anayekusalimia ana swali moja: "Sasa unaenda kuchukua nini?" Wewe unachokitaka unakijua. Unataka ukasome sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Katikati ya hapo ulipo na huko uendako ipo miaka miwili ya kidato cha tano na sita, na mlangoni pa miaka hiyo ipo Selform, ule mfumo unaofunguliwa baada ya matokeo ili ubadilishe tahasusi uliyoijaza wakati hujui hata utapata nini.

Usihangaike, mdogo wangu. Mwongozo huu umetokana na uzoefu wa wahitimu wengi waliotaka kompyuta wakaishia kusoma kitu kingine kabisa. Ufuate hatua kwa hatua, usiruke.

Hatua ya 1: Chagua kwa mlio wa herufi

Zamani kazi ilikuwa nyepesi, tahasusi zilikuwa 16 tu. Mwaka 2024 serikali ikaongeza nyingine 49, zikawa 65, na hakuna binadamu mwenye akili timamu atakayezisoma zote. Njia ya haraka ni kuzitamka kwa sauti na kusikiliza ipi inapendeza.

PCM inatamkika vizuri kwenye vikao vya ukoo. PCB ni tamu zaidi, maana mama akiitaja kwenye kikoba wenzake wanaanza kukuita daktari jioni hiyohiyo. EGM ina kasoro kubwa: ukiitaja lazima uulizwe "Ndiyo nini hiyo?", na tahasusi inayohitaji maelezo itakuaibisha kwenye sherehe. Usipoteze muda kuchungulia ndani ya herufi hizo kuna masomo gani: kwamba ya kwanza ni Fizikia, Kemia na Hisabati, ya pili Fizikia, Kemia na Biolojia, ya tatu Uchumi, Jiografia na Hisabati. Kwamba ndani ya PCB hamna Hisabati ya juu, ile wenyewe wanayoiita Advansi, bali kuna BAM, somo dogo la Hisabati kwa wasiochukua Advansi, ni jambo utakalolijua tu siku ya kuomba chuo. Siku hiyo mtandao huwa uko taratibu, kwa hiyo utakuwa na nafasi ya kutosha ya kulitafakari.

Hatua ya 2: Omba ushauri kwa asiyehusika

Kila mtaa una mjomba mwenye duka la vifaa vya ofisini: mashine ya kutoa kopi, kompyuta mbili, feni moja. Huyo ndiye mtaalamu wako. Nenda wakati hana wateja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa matokeo. Unataka kompyuta? Kompyuta haitaki shule. Mimi hapa nilisoma HKL, Historia na lugha tupu, na ni nani mtaa huu anayenishinda kompyuta?"

Kweli, hakuna. Mjomba anasafisha virusi kwenye flashi, anajua kuingiza Windows upya, na ripoti za field za nusu ya wanachuo wa mji huu amezipanga yeye. Atakuambia kinachotakiwa ni Kiingereza na kutaipu bila kuangalia kibodi. Mwamini. Ni kweli kwamba kazi ya mjomba ni kuitumia kompyuta na kozi unayoitaka ni ya kuifundisha kompyuta kazi, lakini tofauti hiyo haionekani ukiwa umesimama upande wa nje wa kaunta.

Kama wewe ni binti, ushauri utaongezewa nyongeza ya bure: "Hizo hesabu waachie kaka zako." Pokea kwa adabu. Usimjibu mtu mzima kwamba kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, iliandaliwa programu zake na wanawake sita, na kwamba waliajiriwa kwa sababu walijua kukokotoa. Utaonekana umeharibiwa na shule.

Mtu wa kumwepuka kabisa ni yule kijana wa nyumba ya tatu anayesoma sayansi ya kompyuta mwaka wa pili, aliyekuja likizo. Huyo atakutisha. Atasema mwaka wa kwanza alikutana na mantiki, seti, matriki, kalikulasi na uwezekano kabla hajaizoea hata foleni ya kantini. Na kwamba wenzake waliopata sapu, yaani mitihani ya marudio, na wachache waliodisko, yaani kuondolewa chuoni, hawakuponzwa na kutaipu.

Hatua ya 3: Ikimbie Hisabati mapema

Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takribani robo tu ya watahiniwa. Kwa hiyo ukiikimbia, barabara haina upweke. Na hoja unayo tayari: kompyuta ndiyo inayohesabu, mimi wa nini?

Hoja hiyo ina tatizo moja dogo. Mwambie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aandike programu inayomruhusu mtu kuingia kwenye akaunti endapo jina ni sahihi na nywila ni sahihi. Ataandika. Kisha mwambie aiandike kwa upande wa pili: imkatalie nani? Asiyesoma mantiki anageuza kila kitu kinyume na kuiacha "na" ilipokuwa: mkatalie ambaye jina si sahihi na nywila si sahihi. Inasomeka vizuri. Kompyuta inaipokea bila kulalamika. Halafu inamfungulia mlango kila anayelijua jina lako, hata nywila akiandika upuuzi, kwa sababu jina likishakuwa sahihi, sharti la kumkatalia halijatimia tena. Ile "na" ilitakiwa igeuke "au".

Kanuni yenyewe inaitwa ya De Morgan. Imo kwenye Hisabati ya juu mara mbili, kwenye mada ya seti na kwenye mada ya mantiki, pale mnapochora majedwali ya kweli na si kweli huku mkinong'ona kwamba mambo haya hayana kazi maishani. Augustus De Morgan alifariki mwaka 1871, hajaiona kompyuta hata moja. Lakini wewe unaikimbia, na umefanya vema. Akaunti za watu si zako.

Hatua ya 4: Ikishindikana kuikimbia, ichukue na uchague mada

Wapo wakaidi watakaochukua Advansi hata baada ya kushauriwa. Kwao kuna mbinu ya pili: kubukua mada zinazotoka sana na kuziacha nyingine zife. Pitisha macho kwenye mitihani iliyopita, piga mstari, tupa kilichobaki. Cha kutupa kwanza kiwe mbinu za kinamba, maana zina kubonyezabonyeza kikokotoo kusikoisha.

Chukua mfano wa kipeuo cha pili cha 2. Unakisia 1. Unagawa 2 kwa ulichokisia, unapata 2, unatafuta wastani wa hivyo viwili: 1.5. Unarudia: 2 kwa 1.5 ni 1.3333, wastani 1.4167. Unarudia tena: 1.4142, na hapo umeshalipata jibu kwa desimali nne. Hiyo ni njia ya Newton na Raphson, na mwanafunzi anayeifanya kwa kalamu huona anateswa bila kosa. Chuoni ataletewa jambo lilelile kwa jina la kitanzi: kisia, sahihisha, rudia mpaka tofauti iwe ndogo. Mistari michache ya programu, basi. Aliyewahi kuifanya kwa mkono ataitambua akiiona tu. Aliyeitupa ataikariri kama dua ya lugha asiyoijua.

Hivyo hivyo kwa uthibitisho wa hatua, ule wa kuonyesha kwamba kanuni ikiwa kweli kwa namba moja ni kweli kwa inayofuata. Utupe. Mwalimu wa chuo atakapofundisha programu inayojiita yenyewe, utakaa nyuma ukamtazama kwa mshangao safi usio na doa la maarifa.

Hatua ya 5: Waheshimu PCM, wacheke EGM

Hapa ndipo pana utamaduni wetu, na usiuvunje. Mwanafunzi wa PCM anatembea na Nelkon kwapani, kitabu cha Fizikia kinachotosha kuzuia mlango usigongwe na upepo, na anajua ya kwamba aliye EGM alikimbilia huko. Usimkumbushe kwamba siku ya mtihani wa Hisabati ya juu wote wawili wanakaa chumba kimoja na kufungua karatasi ileile, maswali yaleyale, na Necta, Baraza la Mitihani, haiulizi mtahiniwa anasoma na nini kingine.

Tuwe waungwana lakini. Fizikia ya kidato cha sita inakupa vipitishi nusu, transista na milango ya mantiki, na hivyo vitakupunguzia jasho kwenye kozi ya elektroniki za dijiti. Inakuachia pia mlango wa uhandisi wazi endapo utabadili mawazo, nawe utabadili, maana una umri wa miaka 17. Uchumi wa EGM nao unakuzoesha kusoma jedwali la takwimu bila kizunguzungu. Kemia itakufundisha subira: unasimama maabara, koti jeupe la kuazima, bureti inadondosha tone moja moja, na wewe unasubiri fenoftaleini igeuke pinki hafifu, ukizubaa tone moja inakuwa pinki ya khanga, unaanza upya. Hakuna mwalimu wa sayansi ya kompyuta atakayekuuliza rangi hiyo. Atakuuliza Hisabati. Kwa maana hiyo ugomvi wa PCM na EGM, kwa mtu anayekwenda kwenye kompyuta, ni ugomvi wa mashabiki wakati timu zote mbili zimeshafuzu. Usiseme nimekuambia mimi.

Hatua ya 6: Tafuta tahasusi yenye neno "kompyuta", basi

Zipo. Ukiona neno hilo funga mjadala, usiulize shule uliyopangiwa ina nini. Shule nyingine ina chumba cha kompyuta cha kupendeza sana. Mashine zimefunikwa plastiki zilizokuja nazo, mlango una kufuli mbili, ufunguo anao mwalimu aliyehama. Nadharia mtaisoma ubaoni. Kipanya kitachorwa kwa chaki, pamoja na mkia.

Ukipata shule yenye mwalimu wa somo na mashine zinazowaka, una bahati, itumie. Ila yule kijana wa nyumba ya tatu, ambaye tulikubaliana usimsikilize, anadai kwamba chuoni walianza kuandika programu kutoka sifuri, aliyesoma kompyuta shuleni na asiyesoma wakaambiwa wote waandike "Habari dunia" kwenye skrini. Baada ya wiki chache walikuwa sawa. Kwenye Hisabati, anasema, mwalimu hakuanza na sifuri na wala hakuomba radhi.

Hatua ya 7: Miezi ya kusubiri, subiri

Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba. Kidato cha tano kinaanza Julai. Baada ya kidato cha sita kuna likizo nyingine ndefu, nayo ina mafunzo ya JKT ndani yake. Katika miezi yote hiyo usijaribu kuandika programu hata moja. Sema huna laptopu. Usimruhusu mtu akuambie kwamba Python inaendeshwa hata kwenye simu ya Android uliyonayo mkononi, ileile inayomaliza bando kwa video za watu wanaoanguka. Ukijaribu, unaweza kugundua kwamba kazi hii huipendi, na ugunduzi wa namna hiyo ni vizuri ukufikie mwaka wa pili, ukiwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo mgongoni.

Hatua ya 8: Usiufungue mwongozo wa TCU

Hii ndiyo hatua kuu, na ndiyo inayofuatwa na wengi. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu inatoa kitabu cha sifa za udahili. Kina majedwali: chuo, programu, masomo yanayotakiwa, pointi za chini. Kimewekwa mtandaoni, bure kabisa, na ndiyo maana watu hawakiamini.

Mtu mwenye papara angekifungua leo, kabla ya kujaza tahasusi. Angekwenda kwenye mistari ya sayansi ya kompyuta ya Dar es Salaam, ya Dodoma, ya vyuo vingine vitatu au vinne, na kusoma safu ya masomo kwa kidole. Angeona A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kwamba kwa kawaida kunatakiwa ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Angeona pia chuo gani kinaitaka Hisabati ya juu waziwazi, na kipi kina masharti mbadala kwa asiye nayo. Angefungua na kile kitabu cha pili, cha wenye stashahada, akute kwamba aliyepitia njia hiyo akiwa na GPA ya kuanzia 3.0 naye ana mlango. Kazi nzima ingemchukua mchana mmoja. Kisha angejiuliza swali moja kwa kila tahasusi: Hisabati ya juu imo? Ikiwemo, angechagua masomo mawili yanayobaki kwa kuangalia anachokiweza na anachokipenda, halafu akalale.

Wewe usifanye hivyo. Mchana mmoja ni mwingi. Fuata hatua hizi nane bila kuruka hata moja, na nakuhakikishia chuo utapata. Kozi itakuwa ipi, hilo utajulishwa na mfumo kwa ujumbe mfupi.