Kompyuta Iliyogoma Kutoka 2009

Mjini Butembo mtu akichelewa hakosi la kusema: mvua, tope, kizuizi barabarani, pikipiki imepata pancha. Kompyuta ya sekreteria yetu haikujisumbua kujitetea. Ilichelewa miaka kumi na zaidi, ikanyamaza, ikaendelea kuchapa.

Kila asubuhi tukiiwasha ilidai ni tarehe 1 Januari 2009, saa sita usiku. Tunairekebisha, inatii vizuri mchana kutwa. Jioni jenereta inazimwa, na kesho yake tumerudi Mwaka Mpya. Kijana mmoja aliondoka kwetu na barua ya kuomba kazi ya uhasibu ambayo, kwa tarehe yake, aliiandika akiwa mwaka wa pili wa primeri. Muuza sementi naye tulimchapia fakture. Mteja wake aliisoma kwa makini, akasema yeye ni mtu wa sheria: fakture ikiwa ya 2009, bei nayo iwe ya 2009. Walianza kubishana kwa Kinande, wakahamia Kiswahili, na walipofika kwenye matusi ya heshima wakashika Kifaransa.

Intaneti nayo ikatufungia mlango. Tovuti nyingi siku hizi zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini iko 2009 huona vyeti vyote ni vya kesho, na mwenye cheti cha kesho ni tapeli. Windows huweza kuuliza saa sahihi kwenye intaneti, lakini kwa kawaida ikikuta tofauti inazidi saa 15 haijirekebishi. Inaona dunia ndiyo iliyokosea.

Mabingwa wakajitokeza. Wa kwanza akasema ni virusi. Wa pili akataka kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kwa dola, na alipwe kabla. Aliyekaribia ukweli ni mama muuza mandazi wa pale mlangoni: "Baba, si muiache usiku bila kuizima?" Mafuta ya jenereta ya usiku kucha angelipa nani, hakusema.

Ndani ya kompyuta kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kwa mitetemo hiyo saa inahesabiwa. Umeme ukiwapo, saa hula umeme wa ukutani. Ukikatika, inalishwa na betri ndogo bapa ya volti 3, iitwayo CR2032: milimita 20 upana, 3.2 unene. Kwa wenye umeme wa kudumu betri hiyo hulala tu miaka mingi. Ya kwetu ilikuwa kwenye zamu ya usiku kila siku, Jumapili pia, hadi ikakata roho. Fundi mmoja aliichokoa kwa ncha ya bisibisi, akaweka mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kazi yote ilikwisha kabla chai haijapoa, na bingwa wa Windows akaona heri aende zake.

Nikampigia simu mdogo wangu wa Beni, mwenye sekreteria yake, kumpa habari njema.

"Yaya, hata yangu iko nyuma," akasema. "Ila saa moja tu."

"Saa moja kamili?"

"Kamili. Haiongezeki, haipungui."

Betri inayokufa haina nidhamu hiyo. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, nasi wa Kivu tunakwenda pamoja na Lubumbashi. Aliyemwekea mdogo wangu Windows aliona kompyuta ya Kongo ifuate saa ya mji mkuu, basi. Dawa yake ni kuchagua kwenye orodha mstari wa Harare na Pretoria. Miji ya wenyewe, lakini saa ni yetu. Na Beni jambo hili lina kizunguzungu zaidi, kwani ukivuka Kasindi kuingia Uganda unaongeza saa nyingine. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo, alamu inalia kabla jogoo hajafikiria.

Wateja wetu wapendwa, mwenye karatasi yetu ya tarehe 1 Januari 2009 ailete, tutaichapa upya bila malipo. Wa sementi bei ni ya leo.